Plau Ilivyobaki Issuna

Nilifika Issuna na sanduku la bati, cheti cha chuo cha kilimo na kiburi cha kutosha kijiji kizima. Kijiji cha ujamaa kilikuwa kipya, nami nilikuwa bwana shamba mpya, nimetumwa kuwafundisha watu kulima kwa plau inayovutwa na maksai. Afisa wa wilaya alinipa wiki tatu. Akirudi akakuta maksai hawalimi, plau inahamia kijiji kingine.

Wiki mbili zilipita bila mfuo mmoja wa maana. Chuoni nilijifunza kukaa nyuma, kupaza sauti na kupiga mjeledi. Hakuna aliyeniambia kwamba maksai wa chuo walishafundishwa kabla yangu. Hawa wa Issuna wakivishwa nira walilala chini. Siku moja nikainua mjeledi, mwenye maksai akanishika mkono.

"Bwana shamba," alisema kwa upole, "huyu hajapigwa tangu azaliwe. Tuanze na wewe?"

Wanafunzi wangu walicheka mpaka wakakaa. Nilinuna hadi jioni.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa darasa hilohilo. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, kisha nikamtuma maji, nikidhani ndiyo kazi anayoiweza.

"Mwanangu," aliniambia, "ng'ombe hasukumwi. Anaitwa."

Akafungua kitambaa chenye chumvi ya ziwani, ile wanayolambishwa mifugo, akatangulia mbele akiwaimbia kwa Kinyaturu. Maksai wakainuka, wakamfuata. Nilirukia plau, udongo ukafunguka mpaka mwisho wa shamba. Kwa furaha nikapiga vigelegele kama mama wa bwana harusi.

Siku zilizobaki nilimfundisha kushika plau, naye akanifundisha kuita. Alielewa upesi kuliko mimi.

Afisa alikuta mifuo imenyooka, mama ameshika plau, mimi niko mbele na chumvi kiganjani, naimba vibaya.

"Mwalimu ni nani hapa?" akauliza.

Darasa zima likamwonyesha yule mama. Cheti changu kilikuwa mfukoni, na nakiri kwamba nilisita. Kisha nami nikanyoosha mkono kumwonyesha, na maksai mmoja akaulamba.

Afisa akacheka, akapanda gari lake, akaondoka bila plau.