Filimbi ya Mtani

Filimbi yenyewe iko kwangu, ndani ya droo ya kaunta, chini ya mkasi wa kukatia vitambaa. Huu ni mwaka wa tatu haijapulizwa. Kila kiangazi kikianza vijana huja dukani kwangu hapa Iringa wakaniuliza, "Mzee Isihaka, refa mwaka huu nani?" nami huwaambia sijui, wakaulizane wenyewe. Wanadhani uzee umenifanya mkali. Waache wadhani hivyo.

Mwenye filimbi aliitwa Philbert, Mngoni wa Songea, fundi viatu. Kazi aliifundishwa na mafundi wa misheni huko kwao. Alikuja Iringa mwaka wa arobaini na tisa akiwa na mke wake Severina, binti yao mchanga Paskalina, na kisanduku cha nyundo na koleo, akapanga nyumba ya nyuma ya duka langu na kushonea viatu barazani. Alikuwa mfupi, kifua kipana, na mdomo wake haukujua kupumzika. Akianza kisa, alicheka yeye kwanza kabla hujajua kinahusu nini. Nilimpenda. Naomba niliseme hilo mapema, maana nitakayoyasema mbele si mazuri.

Mpira wa vijana ulikuwa shughuli yangu. Hakuna aliyenichagua, niliupenda tu, nikajitwisha. Tulikuwa na timu sita, toka mjini hapa, Ipogolo kule chini barabarani, hadi Kalenga. Vijana walikuwepo wa kumwaga. Mpira ukipasuka tuliushona. Viwanja tuliazimwa na ng'ombe, na tukimaliza kucheza waliingia tena. Kilichotushinda ni refa. Wa kwanza, mwalimu, alihamishiwa Mbeya. Wa pili, karani, alikataa goli kule Kalenga akarudi mjini ameshika jino lake mkononi. Wa tatu alikuwa askari. Alipuliza mechi mbili, ya tatu akasema tumbo linamuuma, na tumbo hilo halijapona mpaka leo. Nikaandika barua Mbeya kuomba msaada. Wakanijibu kwamba hata wao wanaye mmoja tu, anazunguka kwa baiskeli, na magoti yameanza kumgomea.

Ndipo likanijia wazo, nikajiona mwerevu kuliko mji mzima. Wahehe na Wangoni ni watani. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakaachia wajukuu matusi badala ya mikuki. Mtani akikutukana hukasiriki. Akikamata kuku wako unacheka. Kumpiga mtani ni aibu ya ukoo mzima. Vijana wetu wengi walikuwa Wahehe, baba zao Wahehe. Refa akiwa Mngoni, nani atamgusa?

Siku ya kwanza Philbert alikataa goli safi kabisa la Kalenga. Wazee wakaingia uwanjani na fimbo. Philbert hakurudi nyuma hata hatua. Alishika kiuno akasema, "Nyie wala mbwa, goli mmelionaje wakati macho yenu yako kwenye kitoweo?" Ni utani wa zamani huo, kwamba Wahehe hula mbwa. Mzee mmoja akaangua kicheko. Huyo ndiye Kalinga, mkulima wa pale, mtu mrefu mwenye sauti nzito. Akajibu, "Mngoni, babu yako alikimbia akaacha ngao yake nyumbani kwetu. Hadi leo tunaanikia mtama." Fimbo zikashuka. Goli likabaki limekataliwa, na lilikuwa goli.

Miaka minne tukaenda hivyo. Sheria Philbert alizijua nusu, na nusu hiyo nilimfundisha mimi, ambaye nilisoma kijitabu kisicho na kurasa za mwisho. Alipokosea alitania, nao wakamtania, mambo yakaisha. Mkewe Severina peke yake hakucheka. Siku moja nilikuwa barazani kwao akaniambia, "Bwana Isihaka, mtu asiyelaumiwa atajifunza lini?" Nikamjibu kwamba mumewe ni bora kuliko hakuna. "Haya," akasema, akaendelea kuchambua mchicha wake.

Alikuwa ameona kitu ambacho mimi nilijitia kutokiona. Vijana nao walikuwa wanajifunza. Walijifunza kwamba rafu humalizikia kwenye kicheko. Mwaka wa pili kijana alivunjika mtulinga. Mwaka wa tatu mwingine akapoteza meno mawili, Philbert akamwambia afadhali, sasa nyama ya mbwa itamshinda, na hata mama wa kijana akacheka. Mimi nilikuwa nashika kibendera pembeni mwa mstari. Nilikuwa naona miguu inavyoinuka juu mwaka hadi mwaka. Kila nikitaka kusema, nilijiambia: bila Philbert hakuna refa, na bila refa hakuna mpira. Maneno hayo yalinitosha kwa muda mrefu sana.

Mwaka wa hamsini na sita fainali ilikuwa Kalenga na Ipogolo. Mshindi angepanda lori kwenda Mbeya kucheza na vijana wa huko, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea, na kwa wiki tatu watu hawakuzungumza lingine. Kalenga walikuwa na Sedekia, mtoto wa yule Kalinga, kijana mwembamba wa miaka kumi na mitano aliyekuwa akicheza winga ya kulia. Ipogolo walikuwa na Jailos, beki, baba yake dereva aliyetokea Tukuyu. Jailos alisema ana miaka kumi na sita. Ndevu zake zilisema vingine, lakini nani angemuuliza?

Wote walicheza pekupeku isipokuwa Jailos. Yeye alikuwa na njumu, na aliyemshonea ni Philbert. Soli ilikuwa ngozi nene ya ng'ombe, na chini yake meno sita ya ngozi, kila jino limeshikwa kwa misumari mitatu. Zilipokuwa mpya zilikuwa za kupendeza. Alhamisi kabla ya fainali Jailos alizileta barazani, nami nilikuwepo. Meno yalikuwa yamelika. Misumari ilikuwa imechungulia nje, ukipitisha kidole inakukwaruza.

"Hizi ni za kung'oa yote na kupiga mapya," Philbert akasema. "Nina buti za watu hapa mpaka shingoni. Lete Jumatatu. Jumamosi usizivae."

Jailos akaitikia, akaondoka na njumu zake begani.

Jumamosi alizivaa.

Kabla ya mpira kuanza, Sedekia alimwendea refa katikati ya uwanja. Nilikuwa karibu, nilisikia kila neno. "Refa, tafadhali tazama njumu za yule. Zina misumari."

Kazi ya refa ni kukagua viatu. Hiyo ilikuwa katika kurasa tulizokuwa nazo. Philbert akamwita Jailos, akamwinua mguu kama anavyoinua fundi mguu wa punda, akatazama chini ya soli. Niliuona uso wake ukibadilika. Jailos akasema polepole kwamba wakimvua njumu, Ipogolo hawachezi, wanarudi kwao sasa hivi. Nyuma yake wenzake walikuwa wameshaanza kuokota mashati. Watu walikuwa wamejaa pande zote nne, wengine wametembea tangu alfajiri.

Philbert akanitazama mimi, akingoja. Nikamwashiria kwa kibendera aanze.

Basi akarudi kwenye mdomo wake. "Mla mbwa mzima unaogopa kiatu?" akamwambia Sedekia. "Kiatu hakiumi. Mwenye meno ni yule kitoweo chako." Uwanja mzima ukacheka, Sedekia naye akacheka kwa haya, akarudi nafasi yake. Philbert akapuliza.

Ilikuwa kipindi cha pili, bao moja kwa moja. Sedekia alimpita Jailos kwa ndani, Jailos akanyoosha mguu ukampata juu ya goti. Nilisikia kitambaa cha kaptura kikichanika. Philbert hakupuliza. Sedekia alianguka kwenye mavi ya ng'ombe, akainuka, akaufuata mpira akichechemea na kuutia golini. Kalenga wakashinda mbili kwa moja. Walimbeba kijana juu mabegani, damu ikimchuruzika hadi kifundoni, na hakuna aliyeijali, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Nilimfunga kwa kipande cha kitambaa cha marekani nilichokuwa nacho. Jeraha lilikuwa dogo, urefu wa vidole viwili. Nimeshona mifuko mikubwa kuliko lile jeraha.

Philbert alikuja kuliangalia. Hakutania. Usiku hakula, Severina aliniambia baadaye. Jumatatu Jailos alipoleta njumu, aling'oa misumari yote kumi na minane kila upande, akaihesabu, akaitia kwenye kopo na kwenda kulitupa chooni. Nilimwambia anajisumbua bure, kijana anatembea vizuri na anajiandaa kwa safari ya Mbeya. 

Siku ya tisa Kalinga alikuja dukani. Alikuwa ametembea toka Kalenga na vumbi lilikuwa limemfika magotini.

"Kamwene, Mzee Isihaka. Mtani wangu yuko wapi?"

"Kamwene, Mzee Kalinga. Yuko barazani. Kuna nini?"

"Sedekia tumemleta hospitali asubuhi. Hafungui kinywa, hata uji haupiti. Mama yake anasema mtani aje amchekeshe, labda kinywa kitafunguka."

Tulikwenda wote watatu. Kalinga alikuwa mbele akieleza njia nzima jinsi lori la Mbeya litakavyomsubiri mwanawe. Kijana alikuwa amelazwa kwenye chumba kilichofungwa madirisha, maana mwanga ulimtesa. Mgongo wake ulikuwa umejikunja kama upinde. Uso wake ulikuwa unacheka. Ndiyo, unacheka: midomo imevutwa pembeni, meno yote nje, macho yamejaa hofu. Pepopunda hufanya hivyo, mganga alitueleza. Huingia kwenye jeraha dogo lenye uchafu, hungoja, kisha hukaza misuli yote, na ya uso huanza.

Kalinga akasema kwa furaha, "Unaona? Amekuona tu, ameshaanza kucheka."

Philbert alisimama mlangoni. Mdomo ambao haukupumzika miaka saba ulikuwa umefungwa kuliko wa mgonjwa. Sedekia alikufa baada ya siku mbili.

Wanaojua mambo ya utani wanajua mtani ana kazi msibani. Huchimba kaburi, huiga marehemu, huwachokoza wafiwa mpaka kicheko kipasue kilio. Pale Kalenga huwa anaingia kaburini kabla ya maiti, analala humo, na kugoma kutoka mpaka wafiwa wampe kitu. Mngoni wa karibu alikuwa mmoja tu. Kalinga alimtumia ujumbe rasmi, na kukataa wito ule ni tusi lisilosameheka. Severina alimfungia mlango asiende. Philbert aliutoa mlango bawabani kwa nyundo, taratibu, akaja kuniita tuongozane.

Alikuwa amevaa filimbi shingoni. Watu walipoiona walinong'onezana kwamba leo mtani amejiandaa.

Akashuka kaburini, akalala chali. Watu wakasogea kusikiliza. Akanyamaza muda mrefu mpaka wengine wakaanza kuchekelea kimya chenyewe. Kisha akasema, "Aliyemuua huyu mtoto ni mimi."

Wanawake wakaanza kucheka.

"Misumari ni yangu. Niliigonga mwenyewe. Siku ile niliiona, nikapuliza filimbi."

"Mtani huyo," mama mmoja akasema huku anajifuta machozi, "hana haya hata kidogo."

Akapandisha sauti. Akawaambia kiatu cha nani, misumari mingapi, Sedekia alisema nini katikati ya uwanja. Kadiri alivyosema ndivyo walivyocheka, wameshikana mabega, wanacheka na kulia kwa pamoja, kama desturi inavyotaka. Kalinga akaleta kuku mwekundu amefungwa miguu, akamnyooshea. "Haya, mtani, chukua mali yako utupishe. Umetuponya."

"Muulizeni Isihaka," Philbert akasema. "Yeye si mtani wa mtu. Alikuwa na kibendera."

Kicheko kikapungua. Kalinga akageuka, bado ana tabasamu la machozi, kuku mkononi. Mimi ni Mwislamu wa mjini, babu yangu alitoka Kilwa. Sina utani na ukoo wowote pale, na neno langu wangelichukua kama lilivyo. Nyuma ya Kalinga walikuwa wamesimama ndugu zake wanne, majembe ya kufukia yako mikononi. Philbert alikuwa ananitazama toka chini vilevile alivyonitazama siku ile uwanjani, akingoja.

"Mzee Isihaka," Kalinga akaniuliza, "anasemaje mtani wangu?"

"Ni utani tu, Mzee Kalinga," nikasema.

Wakacheka tena, kwa nguvu zaidi, na nafuu ikawarudia nyusoni. Philbert akainuka. Alitoka kaburini bila kushikwa mkono, udongo umemjaa kisogoni, na kuku hakumpokea. Aliponifikia aliivua filimbi shingoni, akanishika kiganja, akaiweka humo na kuvikunja vidole vyangu kimoja kimoja.

"Basi sasa refa ni wewe," akasema.

Watu wakacheka na hilo pia.