Anwani ya Zamani na Binti wa Busunzu

Msinione mkali. Mtu akiniambia "tovuti ni kubonyeza tu", damu inanichemka, kwa sababu mimi nilibonyeza, na binti wa watu akakosa chuo.

Nilikuwa nasimamia tovuti ya chuo kimoja cha uuguzi hapa Kasulu. Mwaka huo mkuu wa chuo aliamua tuhamie anwani mpya, na akataka kazi iishe Ijumaa. Tovuti ikihama, kila ukurasa wa zamani unatakiwa uelekezwe kwa mwenzake mpya, mmoja mmoja, ili mwenye kiungo cha zamani asipotee. Kurasa zilikuwa nyingi, na mimi mvivu, tuseme ukweli. Nikaandika mstari mmoja tu: yeyote anayekuja kwa anwani ya zamani, apelekwe ukurasa wa mbele. Nikajaribu, ukafunguka. Nikajiona fundi kweli kweli! Nikaenda kula ugali wangu wa muhogo kwa raha.

Nilichosahau ni kwamba waliochaguliwa walikuwa wameshatumiwa ujumbe wa simu wenye kiungo cha kuthibitisha nafasi zao. Kiungo chenyewe kilikuwa cha anwani ya zamani.

Siku ya kufungua chuo, mlinzi akaniita getini. Mama mmoja na binti yake, wametoka Busunzu, wamekaa juu ya tranka, godoro limefungwa kamba. Jina la binti halikuwemo kwenye orodha. "Mwakeye," mama akanisalimu kwa Kiha, nikaitikia. Binti akanipa karatasi aliyoitunza ndani ya bahasha ya plastiki. Loo! Ulikuwa ukurasa wetu wa mbele, umechapwa kwa rangi, na muhuri wa steshenari ya Kibondo umegongwa juu yake.

Huku kwetu karatasi isiyo na muhuri si karatasi. Simu ya binti ni ya kitochi, haifungui mtandao, kwa hiyo alisubiri siku ya gulio, akaenda Kibondo kwa mwenye steshenari. Yule akaandika kiungo kwenye kompyuta, ukurasa ukafunguka bila kosa lolote, akauchapa, akaugonga muhuri, akamwambia tayari. Nani wa kumlaumu? Laiti ungegoma kufunguka, wangeuliza, wangepiga simu! Ulifunguka kwa sababu yangu.

Nikakimbia kwa mkuu wa chuo. Akanisikiliza, akavua miwani. "Nafasi yake amepewa mwingine, na yuko darasani sasa hivi. Nimtoe?" Nikamsihi aongeze kitanda kimoja tu, akasema idadi ya wanafunzi haipangi yeye, binti aombe tena mwakani.

Niliporudi getini, mama alikuwa anamgombeza mwanawe. "Nilikwambia uulize vizuri! Si nilikwambia?" Binti ameinama tu, anachezea kamba ya godoro. Kisha mama akanigeukia. "Mtusamehe, baba. Sisi watu wa shamba, mitandao hatuijui."

Iliniuma, jamani, mpaka leo inaniuma. Nikamwambia, "Mama, hakukosea yeye. Nimekosea mimi." Nikamweleza yote, mstari ule mmoja, haraka zangu, na kwamba nafasi imeshakwenda kwa mtu mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Ee," akasema. "Kama ni wewe uliyeharibu, basi kaitengeneze, baba. Sisi tunakusubiri hapa."

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini sikuwa na ubavu wa kumwambia hivyo mama yule. Nikarudi ofisini, nikaelekeza kurasa zote, mmoja mmoja, kama nilivyotakiwa kufanya tangu mwanzo. Mwisho nikajaribu kiungo cha binti. Kikafika panapotakiwa kabisa, na hapo pameandikwa kwamba muda wa kuthibitisha umekwisha.

Jua lilikuwa limeshainama nilipotoka. Waliponiona, wakasimama wote wawili, na binti akashika upande mmoja wa tranka, tayari kuingia.