Asubuhi ya Idd Mama Alipoandika Meza

Nyanya yangu, mama yake baba, alipanda gari la moshi kutoka Mombasa kuja kuishi nasi Nakuru akiwa na kasha la nguo na kasha la vyombo. La nguo alikubali lipakiwe na mizigo ya abiria. La vyombo aliliegemea njia nzima, na hata alipokuwa mzee sana alikuwa bado akitusimulia jinsi gari lilivyotikisika kwenye mteremko wa Bonde la Ufa, naye akisoma dua, si kwa ajili ya roho yake bali kwa ajili ya sahani.

Zilikuwa sahani nyeupe za kauri, zenye maua ya buluu na ukingo wa dhahabu uliokwisha kufifia, pamoja na kombe pana la kupakulia wali na bakuli za mchuzi. Alipewa na mama yake siku alipoolewa, na mama yake alizipata vivyo hivyo. Mwaka mzima zilikaa kabatini, zimeviringwa vipande vya kanga kuukuu, zikatolewa sikukuu tu. Kwao zilikuwa zikipangwa juu ya mkeka. Lakini sakafu ya saruji ya nyumba yetu ilikuwa na baridi ya kuuma miguu, hasa Idd ikiangukia Juni, na baba alipoleta meza aliyoinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akihama Njoro, nyanya alinung'unika siku kadhaa kisha akaikubali. Kuiandika meza hiyo, yaani kuipanga vyombo, siku ya Idd kukawa kazi yake peke yake. Mama yangu hakuruhusiwa kugusa hata kisosi.

Mama alikuwa Mkikuyu, mzaliwa wa Bahati, karibu na Nakuru. Baba, fundi cherehani, alimpenda akamwoa. Mama akasilimu, akavaa buibui, akajifunza kupika biriani mpaka majirani wa Kiswahili wakawa wanamwita jikoni kwao siku za harusi. Nyanya hakumtukana hata siku moja. Alimwita "mke wa mwanangu", basi. Na mama alipotusemesha Kikuyu sisi watoto, mimi na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutamka, nyanya aligeukia ukutani na kusema kwamba yeye lugha hiyo haielewi hata neno.

Kisha serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari dhidi ya Wakikuyu walioiasi. Malori ya askari yakaanza kuingia mitaani kwetu bila taarifa. Mtaa ulizingirwa, milango ikagongwa kwa vitako vya bunduki, na kila Mkikuyu asiyekuwa na pasi, na wengine wengi waliokuwa nayo, wakapandishwa lorini. Walipelekwa kwenye uwanja uliozungushiwa seng'enge, na kutoka hapo watu walisema wanapelekwa kizuizini au wanarudishwa Kikuyuni, hata wale ambao hawakuwahi kukanyaga huko. Mama hakuwa na pasi. Baba alisema mke wa Mswahili haihitaji. Alilisema hilo mara nyingi mno, na kila alipolisema mimi niliogopa zaidi.

Mama akaacha kwenda sokoni. Alinikataza kusema lugha yake nje ya mlango, halafu hata ndani. Injini ya lori lolote ikinguruma barabarani, hata la magunia ya ngano, alisimama popote alipokuwa, mkono kifuani, mpaka lipite. Nilianza kusimama naye. Nilikuwa sijatimiza miaka kumi.

Mtu mmoja tu mama alikuwa bado anaongea naye Kikuyu: mwanamke mmoja muuza mboga aliyepanga chumba ng'ambo ya ua wetu. Walikutana bombani asubuhi na mapema, wakainamia ndoo, wakanong'ona kama watu wanaosali. Ndiye rafiki pekee aliyebaki.

Idd ninayoisimulia iliamka na ukungu uliotelemka kutoka mlima Menengai. Baba alitoka mapema na wanaume wenzake kwenda kuswali. Nyumba ilinukia zafarani na vitunguu vya kukaanga. Nyanya alikuwa amekwisha kutandika kitambaa cheupe mezani na kuvitoa vyombo kabatini, ameviweka juu ya kiti akivifuta kimoja kimoja. Mama alikuwa jikoni akimenya mayai ya kutia kwenye biriani. Mdogo wangu alicheza chini ya meza.

Tulisikia malori yakisimama. Hayakupita, yalisimama. Kisha filimbi, mbwa, na sauti ya mtu akiamrisha watu wabaki majumbani. Mama alitokea mlangoni mwa jikoni na bakuli la mayai mkononi, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi mpaka sikumjua. Alimwambia nyanya kwamba atatorokea dirisha la nyuma.

Nyanya alimwambia huko nyuma ndiko wanakosubiri. Alilichukua lile bakuli mikononi mwake, akaliweka pembeni, akamvuta mama mpaka penye meza. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Aliinua zile sahani kwenye kiti, rundo zima, akamtia mama mikononi.

"Andika meza," alisema. "Taratibu. Nyumba hii ni yako, na wewe ni mwanangu."

Mama alianza. Sahani zikawa zinagongana mikononi mwake, mlio mdogo wa meno ya mtu mwenye baridi. Nyanya alisimama karibu naye na kumwelekeza kwa sauti ya kawaida kabisa, kombe liwe katikati, bakuli za mchuzi kushoto. Mlango haukugongwa. Ulisukumwa.

Aliingia afisa wa Kizungu, kijana mwenye nyusi nyeupe, na nyuma yake askari wawili. Mmoja alikwenda moja kwa moja jikoni na chumbani, tukamsikia akipindua magodoro. Mwingine, mtu mzima mwenye masharubu, alibaki amesimama karibu nami. Koti lake lilikuwa limelowa, likinuka moshi. Afisa aliuliza mwenye nyumba yuko wapi. Nyanya akajibu kwamba yuko msikitini, leo ni sikukuu. Afisa alimtazama mama.

"Wewe kabila gani?"

Nyanya akajibu badala yake kwamba huyu ni binti yake, na wao ni watu wa Mombasa. Mama aliendelea kupanga. Hakuinua macho. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kabati kwa mikono yote miwili, na nilikuwa nahesabu pumzi zangu nisilie.

Hapo ndipo mdogo wangu alipotoka chini ya meza, akashika buibui la mama, akasema, "Mai."

Ndilo neno la Kikuyu la maji. Mtoto alikuwa na kiu. Mama alimfundisha neno hilo kabla ya katazo, naye alikuwa hajui kuyaita maji kwa jina jingine.

Mama alisimama na sahani hewani. Yule askari wa masharubu aligeuza kichwa taratibu, akamtazama mtoto, akamtazama mama. Nilijua kwamba ameelewa, au nilidhani hivyo.

"Mayai utapewa," nyanya alisema. "Huyu tangu alfajiri ni mayai, mayai."

Alichukua yai moja kwenye bakuli akamtia mkononi. Mtoto aliliangalia. Akafungua mdomo alie, alirudie lile neno, na mimi nikaruka, nikalimega yai lile na kumsukumia kipande kinywani. Alitafuna huku machozi yakimtoka, kinywa kikavu, akakohoa. Gudulia la maji lilikuwa pale pale dirishani, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kulitazama.

Kupitia mlango uliobaki wazi tuliona watu wakipitishwa uani. Yule muuza mboga alikuwa miongoni mwao, peku, kanga imemteremka begani. Alipofika mbele ya mlango wetu aligeuka. Alimwona mama mezani, afisa, sahani. Walitazamana. Angeweza kusema neno moja. Aliipandisha kanga yake begani, akaendelea kutembea. Na mama akaiweka ile sahani mezani, akachukua nyingine.

Afisa alimuuliza askari wa masharubu anaonaje.

"Hawa Waswahili, bwana," askari alisema. "Watu wa pwani."

Waliondoka. Mpaka leo sijui kama yule mtu alielewa akatuhurumia, au alisikia mayai kama alivyoambiwa. Nimeligeuza swali hilo miaka mingi na halijanipa jibu.

Malori yalipokwisha kuondoka, mama aliketi sakafuni. Nyanya alimnywesha mtoto maji. Akajaza gilasi nyingine, akampelekea mama, na alipokuwa akimwinamia alimwambia maneno mawili matatu kwa Kikuyu. Kilikuwa Kikuyu cha kukwaruza, cha mtu aliyejifunza kwa kusikiliza. Mama aliinua macho kumtazama, akaipokea gilasi. Wala siku ile wala baadaye sikuwasikia wakilizungumzia jambo hilo.

Baba alirudi mbio, kofia mkononi. Tulikula, kwa sababu nyanya alisema lazima baba wa nyumba aonekane akila na wageni waingie kama kawaida. Mama alipakua wali, akatabasamu alipopewa mkono wa Idd. Kila mlango ulipogongwa, kijiko kilimponyoka. Chumba cha muuza mboga kilikaa wazi siku chache, karoti zikinyauka kizingitini, kisha kikapangishwa mtu mwingine. Mama aliulizia habari zake kwa watu aliowaamini. Hakupata habari yoyote.

Baada ya Idd ile, mama hakusema tena Kikuyu kabisa, hata usingizini. Mdogo wangu akajifunza kusema maji. Askari walirudi mara nyingine, na hofu haikupungua kwa sababu ya kuzoeleka. Ilikaa nasi kama mtu wa sita mezani.

Mwaka ambao malori yalikoma, mama alinichukua twende Bahati kuwatafuta watu wake. Boma walimokuwa wakiishi lilikuwa limegeuzwa shamba la mahindi, lakini tulielekezwa mbele zaidi, tukamkuta mama yake amekaa jua la asubuhi, amekonda, akichambua maharagwe. Alimtambua binti yake mara moja. Akainuka, akamsalimu kwa lugha yao.

Mama alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta. Alitazama nyuma kwanza, barabarani, kuona kama kuna mtu. Kisha akamjibu mama yake kwa Kiswahili, naye bibi yule akamshika uso kwa mikono yake yote miwili, akairudia ile salamu, polepole, kama anayemfundisha mtoto mchanga, akangoja.