Arlys Tvedt Aulizwa Anaishi Wapi

Arlys Tvedt aliendesha basi la shule pale Luverne, Minnesota, mpaka akastaafu. Hakuna mtoto wa mji ule ambaye hakuwahi kufokewa naye, wala aliyemchukia. Kwa hiyo siku alipoteleza kwenye barafu mlangoni mwa benki akavunjika nyonga, mji mzima ulijua kabla gari la wagonjwa halijafika.

Benki haikumpa hata pole. Arlys akaishtaki katika mahakama ya pale pale mjini, kwenye jengo la mawe mekundu, ambako watu wote wanamfahamu. Wakili wa benki aliliona hilo upesi. Akaihamishia kesi mahakama ya shirikisho, mbali huko St. Paul, kwa hoja kwamba benki si ya Minnesota, na ugomvi kati ya raia wa majimbo mawili unaruhusiwa kwenda huko.

"Si ya Minnesota?" Arlys alimaka. "Mbona iko mkabala na kinyozi, na mlango wake ndio ulionivunja?"

Wakili wake, Bi. Kolb, alisema hayo hayo mbele ya jaji, kwa lugha ya kisheria. Jaji, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akatikisa kichwa.

"Benki ya taifa hupewa leseni na Washington, si na jimbo. Kama kila penye tawi ni kwake, basi ingekuwa raia wa nusu ya nchi. Kwake ni pale hati yake ya kuanzishwa inapotaja ofisi kuu. Hii imetaja Sioux Falls, Dakota Kusini."

Wakili wa benki akaanza kukusanya karatasi zake.

"Subiri kwanza, wakili. Kwao benki nimekujua. Kwao mama huyu bado. Madai yanasema tu ana nyumba Luverne. Bi. Tvedt, wewe unaishi wapi?"

Arlys alihisi masikio yakipata moto. Nyuma yake aliketi mwanawe, Darwin. Tangu atoke hospitali Arlys alikuwa Sioux Falls kwa LaVonne, rafiki yake, mjane mwenzake. Alikwenda kuuguzwa tu. Lakini nyonga ilipona naye hakurudi. Walicheza karata, waliimba kwaya, walibishana juu ya chumvi kwenye supu. Hakuwa amecheka hivyo tangu mumewe afariki. Darwin hakuambiwa kwamba amehamia huko.

"Sioux Falls, Mheshimiwa. Kabla ya kushtaki nilishabadili leseni ya udereva, na kura nimepigia huko."

"Unakusudia kurudi Luverne?"

"Hapana. Sirudi. Watanizika huko huko."

Basi mama na benki walikuwa raia wa jimbo moja, na jaji akasema mahakama yake haina mamlaka juu yao. Kesi irudi Luverne.

Walipotoka nje, Darwin alisimama, mikono mfukoni.

"Sasa Mama, kwa nini Jumamosi zote hizi nakukatia majani kule Luverne?"

"Niliogopa utahuzunika, mwanangu."

"Nihuzunike? Mke wangu anaimezea mate ile nyumba miaka! Anaona haya kukuuliza."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Nimerithi kwako."

Wakacheka mpaka askari wa mlangoni akageuka.

Kesi iliporudi kwenye jengo la mawe mekundu, benki iliomba suluhu, na safari hii pole ilitolewa. Darwin na mkewe walihamia nyumba ya Luverne kabla ya baridi, wakapaka jiko rangi ya njano. Arlys aliiona mbaya kupita kiasi. Alikula chakula chao, akakisifu, kisha akawasha gari akarudi nyumbani Sioux Falls.