Ubuyu wa Siku ya Sindano

Harufu ya spiriti kwenye pamba hunirudisha Kariakoo, nimeshikana mkono na dada yangu, mama katangulia. Moyo wa dada ulihitaji sindano ya penisilini kila mwezi, na dawa ilikuwa imeadimika mji mzima. Tulizunguka maduka ya dawa, jua likiyeyuka juu ya mabati.

“Shikamoo, mzee. Penisilini ya sindano ipo?” mama aliuliza.

“Marahaba, mwanangu. Bado haijaingia.”

Mimi na dada tukafinyana vidole kwa furaha, maana sindano ile iliuma mno. Mama akatununulia ubuyu vilevile, kama siku zote za sindano. Dada alicheka, midomo myekundu, akisimama kuvuta pumzi kila baada ya maduka mawili. Nami nikamwomba Mungu dawa isije tena.