Dungu Lisilo na Mtu

Mjukuu wangu aliponiambia kwamba ndani ya kompyuta yake kuna wakulima wanaojiendesha wenyewe, nilimwuliza nani anawalisha. Alicheka. Mimi sikuwa natania.

Yeye na mumewe wanakaa nasi hapa Ifakara. Chuoni alisomea kompyuta, na mwaka huu alichukua mchezo wa kujenga miji na kugombea ardhi, akaubadilisha uwe bonde letu: mto, Kivukoni, mashamba ya mpunga, milima ya upande wa Sanje. Kazi hiyo ya kubadilisha mchezo uliotengenezwa na wengine wao huiita modi. Aliweka wakulima, wavuvi na wafugaji. Mchezaji akichagua upande mmoja, zile mbili zinazobaki zinaendeshwa na akili mnemba.

Paroko alimruhusu vijana waucheze ukumbini Jumamosi, wa kwetu na wa wafugaji pamoja, kwa sharti moja tu, usilete ugomvi. Na ungeleta, maana kila alipoujaribu, ama pande zote zililala, ama mmoja ulimeza bonde zima kabla chai haijapoa. Nilimwona ameanza kukosa usingizi.

Jumatano akaniita. "Babu, wewe ni katekista wa miaka mingi na umekaa kamati ya ardhi. Unajua watu wanavyohama. Nipe namba."

Kila upande ulitaka namba tatu, kutoka sifuri hadi kumi: hamu ya kupanuka, umbali wa kwenda, na woga wa jirani. Wafugaji niliwapa hamu tisa, na nakiri moyo wangu haukuwa safi. Wakulima niliwapa hamu ndogo, nne, lakini umbali nikataja kumi. Sisi hatulimi mlangoni. Mimi na bibi yake tulikuwa tukitembea siku nzima hadi shambani, tunajenga dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, tunakaa humo tukiwinga ndege wasile mpunga, mpaka mavuno.

Akabonyeza. Rangi ya kijani ikaanza kutapakaa pande zote za mto, mpaka karibu na Mlimba, mwisho wa bonde.

"Unaona?" nikasema. "Ndio hao wafugaji."

"Wafugaji ni wekundu, babu. Kijani ni sisi."

Mumewe alikuwa amesimama nyuma yetu na kikombe. Ni Msukuma, mtoto wa mfugaji, na kwa kuwa mjukuu ni mke wangu wa utani, yeye huniita mume mwenza. "Shikamoo, mume mwenza. Mmetumaliza! Ng'ombe wetu tuwapeleke wapi, mawinguni?"

"Marahaba. Wapeleke kwenu ulikowatoa."

"Huko nako naona kijani."

Nikaamuru umbali upunguzwe uwe mbili. Wakulima wakabanana kuzunguka mji, mpunga ukawaishia, wakatoweka. Tukaweka tano, wakafa polepole zaidi. Nilivua miwani nikaifuta, kana kwamba kosa lilikuwa kwenye kioo. Kwa namba moja sisi ni wanyang'anyi, kwa nyingine ni maiti. Wakati wa sala ya jioni nilipoteza mahali nilipofikia mara mbili.

Kesho yake mjukuu alinijia na swali. "Mkishavuna, lile dungu mlilifanyaje?"

"Tuliliacha. Tunabeba mpunga, tunarudi nyumbani. Msimu mwingine tunajenga jingine."

Yeye alikulia bwenini, hajawahi kulala dunguni, na mimi sikudhani mtu anahitaji kuelezwa. "Basi ndiyo hiyo, babu. Kompyuta inahesabu kila dungu kuwa kijiji kipya. Haijui kwamba watu wanarudi."

Akarudisha umbali uwe kumi, akaandika kanuni ya kuwarudisha watu nyumbani. Kisha akauliza, "Dungu likikaa bila mtu misimu mingapi, ardhi inakuwa wazi kwa mwingine?"

Swali hilo niliwahi kuulizwa kwenye kamati na mzee mmoja wa wafugaji, kuhusu shamba langu mwenyewe la ng'ambo ya mto. Nilimjibu kwa kupandisha sauti, na wenzangu wakanipigia makofi. Hapa sauti isingenisaidia.

"Kumi," nikasema. Akajaribu. Kijani kikameza bonde. "Tano." Kikameza vilevile, ila kwa kuchelewa.

Mumewe, aliyesimama tena nyuma yetu, hakutania safari hii.

"Nguzo za dungu hudumu masika mangapi?" mjukuu akauliza.

"Moja. Ya pili zinaoza."

"Niweke moja?"

Nikaitazama ramani, ng'ambo ya mto. "Weka."

Wekundu wakaingia kwenye mabua baada ya mavuno, mvua zikaja, wakaondoka, kijani kikarudi. Si kila mara kwa amani, lakini hakuna aliyemezwa. Mjukuu wangu alilia kidogo, akajifuta kwa kanga.

Jumamosi vijana walicheza mpaka saa kumi. Ugomvi uliokuwepo ni wa nani akae kwenye kiti. Paroko akaomba urudiwe mwezi ujao, nami nikamshukuru Mungu kwa moyo wote.

Ila nilipotoka ukumbini, yule mzee wa wafugaji aliyeniuliza kwenye kamati alikuwa nje akimsubiri mwanawe. Tulisalimiana vizuri. Nilitaka kumwambia jambo kuhusu shamba la ng'ambo, ambalo sijalilima tangu magoti yaanze kuuma na dungu lake lilishaoza, lakini sikujua ni jambo gani. Nikamwuliza habari za ng'ombe. Akasema wazima. Tukasimama hapo wawili, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme.