Bunduki Iliyonipiga Nyakitonto

Nilitoka Morogoro kwenda Kibondo kumchukua mama. Kaka yangu Nestori alinipigia simu akasema presha ya mama imepanda tena, na daktari amesisitiza jambo moja kuliko yote: asishtuliwe. Asiletewe habari za ghafla, asipigiwe kelele, na ikiwezekana asiishi peke yake. Tukakubaliana ahamie kwangu. Nikaomba ruhusa kazini, nikakata tiketi. Kazi yangu ni ya maabara. Kutwa jicho langu la kulia liko kwenye hadubini, natafuta malaria ndani ya tone la damu ya watu. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililoniponza.

Niseme pia kwamba mimi ni mwoga, na sina aibu nalo. Tulivuka mpaka kutoka Burundi nikiwa mgongoni kwa mama, Nestori akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Baba hakuvuka. Alipigwa bunduki tukiwa tumekaribia, na mama hakuwahi kutusimulia zaidi ya hapo. Leo sisi ni Watanzania, tuna vitambulisho vyetu, tunalima na kuajiriwa kama wenzetu, lakini nyumbani kwa mama neno bunduki halitamkwi. Watoto wa jirani wakichonga za miti wakaja nazo uani, huwafukuza, na mlango anaufunga.

Kasulu, asubuhi. Nilishuka stendi nikitetemeka, maana nilikuwa nimesahau baridi ya huku juu na nilivaa kama mtu wa Morogoro. Nestori alinipokea akiwa na rafiki yake Bwana Hamisi, mwenye duka la bati na misumari pale mjini, mtu wa Tanga aliyekuja kutembea akaoa akabaki. Bwana Hamisi alinivua begi begani kabla sijamsalimu sawasawa.

"Karibu shemeji, karibu sana. Hapa usiwe na wasiwasi wa usafiri, gari ni hili, na Kibondo nitakupelekeni mwenyewe keshokutwa inshallah. Ila kesho nina kazi kidogo na hawa wakulima wenu."

Kazi yenyewe ilikuwa ya nguruwe pori. Walikuwa wanamaliza mihogo ya watu Nyakitonto, shamba la Nestori likiwemo, na Bwana Hamisi ana bunduki ya kuwindia yenye kibali. Nilipoiona imelala nyuma ya kiti, imefungwa kwenye blanketi, nilirudi nyuma. Nikamvuta kaka pembeni.

"Mama anajua una rafiki wa namna hii?"

"Anajua nina rafiki anayeuza bati," akasema Nestori.

Nyakitonto, siku iliyofuata. Jua lilikuwa limekausha umande tulipofika pembezoni mwa shamba. Nguruwe walikwisha pita. Mashina ya mihogo yalikuwa yameng'olewa, mengine yametafunwa nusu yakaachwa. Bwana Hamisi alisema hataki kuwasubiri kabla ya kuijaribu darubini mpya aliyofunga juu ya bunduki, kwa sababu isipolingana na mtutu unalenga nguruwe unapata mbuzi wa mtu. Wakaweka dumu la njano juu ya kichuguu, upande wa juu wa mteremko. Akalala kifudifudi, akapiga. Dumu likaruka. Mimi nilikuwa nyuma ya gari, nimeziba masikio kwa viganja vyote viwili.

Nestori akacheka mpaka akakaa chini. "Huyu ndiye aliyepita jeshini kwa mujibu wa sheria! Konsolata, hivi kule mlikuwa mnafundishwa kupiga au kujificha?"

"Nilipiga shabaha kama wenzangu," nikasema.

"Shemeji, basi mwonyeshe," akasema Bwana Hamisi. "Moja tu, afunge mdomo."

Ningeweza kukataa. Lakini kaka yangu amenicheka kwa woga tangu nilipokuwa naogopa jogoo, na pale shambani nikaona hapana, leo itakwisha. Nikajilaza kwenye udongo, nikauelekeza mtutu juu kwenye kichuguu. Bwana Hamisi alichuchumaa kando yangu, akanielekeza polepole kama mtu anayemfundisha mwanawe kushika kalamu.

"Kitako kibane begani, kibane hasa. Na jicho, shemeji, jicho likae mbali na kioo. Acha nafasi ya kiganja. Hii inapiga teke."

Nilimsikia. Naapa nilimsikia. Ila nilipotazama ndani ya darubini niliona duara dogo lenye giza pembeni, na mwili wangu unajua dawa ya duara la namna hiyo: unasogeza jicho mpaka giza liishe. Jeshini bunduki zetu hazikuwa na vioo. Kioo ninachokijua ni cha kazini, na kile unakigusa kwa nyusi. Nikasogea. Duara likajaa mwanga, dumu likaja karibu, safi kabisa. Nikavuta.

Mlio sikuusikia. Nilisikia kitu kama mlango wa chuma umenifungia usoni, kisha nikawa nimejiviringisha ubavuni na joto linanitiririkia jichoni, mdomoni, shingoni. Nikajua jicho limetoka. Sikudhani, nilijua. Nikaziba uso kwa mikono yote miwili na kupiga mayowe, na nilichokiona akilini ni kiti changu cha maabara amekalia mtu mwingine.

"Toa mkono nione," Nestori alisema. Hakuwa anacheka tena.

"Sitoi!"

"Konso, toa mkono."

"Likidondoka je?"

Walinishika mikono wote wawili wakaivuta kwa nguvu. Bwana Hamisi alinimwagia maji ya kunywa usoni, akaniambia nifungue. Nilikataa muda mrefu. Kufungua lile jicho kuliniogopesha kuliko kipigo chenyewe, kwa sababu lilipokuwa limefungwa bado nilikuwa na matumaini. Mwishowe nikafungua, nikaona wekundu, na ndani ya wekundu nikaona ndevu za Bwana Hamisi zikitetemeka. Nililia kwa furaha. Ukingo wa darubini ulikuwa umenikata juu ya nyusi, mkato wa mviringo kama mwezi mwandamo, na mfupa ulikuwa unaonekana.

Kasulu, hospitalini. Tuliondoka shambani mbio, kila mtu na hofu yake. Simu ya Nestori ilikuwa imebaki nyumbani kwenye chaji, yangu ikabaki kwenye mihogo. Muuguzi alinikuta kwenye benchi katikati ya wagonjwa wengine, kitenge kimelowa damu kichwani, akauliza alivyopaswa kuuliza.

"Umepigwa na nini, dada?"

"Na bunduki," nikasema.

Benchi zima liligeuka. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu alisogea, akamwacha mwanawe mahali alipokuwa. Muuguzi akarudi hatua nyuma. Nilikuwa nimesema kweli tupu, lakini mtu akisema amepigwa na bunduki, hakuna anayeuliza imempiga kwa upande upi.

"PF3 iko wapi?" akauliza. "Jeraha la bunduki siligusi bila fomu ya polisi."

Nestori akaanza kueleza mambo ya darubini na teke, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo. Tukaenda polisi. Huko Bwana Hamisi aliulizwa kwa nini silaha yenye kibali chake ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, akaonywa kwa sauti ambayo hata mimi niliinamisha kichwa. Tuliporudi na fomu, nikasafishwa na kushonwa. Nilipotoka na bandeji, yule mama aliyesogea akanitazama sana.

"Kumbe umepona," akasema. "Mwenzio aliyekaa hapa, yule muuza dagaa, alisema anakufahamu. Wewe si binti wa Mama Nestori wa Kibondo? Kapiga simu kwa majirani zenu palepale. Kasema binti kapigwa bunduki, na mgonjwa mwenyewe kaondolewa na polisi hajulikani yuko wapi."

Nilishika ukuta. Mbele yangu sikuona tena benchi wala hospitali. Nilimwona mama amesimama mlangoni, na jirani anakuja kumwambia neno lilelile lililomchukua baba.

Bwana Hamisi akatoa simu yake. Namba pekee niliyoishika kichwani ilikuwa ya mama, kwa kuwa haijabadilika tangu anunue. Nikapiga. Haipatikani. Huizima mchana ili chaji isiishe, na mara ngapi nimemgombeza kwa hilo.

"Ingieni garini," akasema Bwana Hamisi.

Makere, mchana. Barabara hii ningependa kuwaeleza vizuri, ninyi wa Morogoro, maana ni nzuri: vilima vinafuatana, migomba mabondeni, baiskeli zimebeba mikungu mpaka hazionekani. Sikuona kitu. Nilikuwa nahesabu mapigo ya moyo wa mama, kila kona nikijiambia sasa ndiyo wamemwambia. Nestori alikaa mbele, mkono juu ya dashibodi.

Kwenye kizuizi askari aliinama dirishani. Watu hukaguliwa sana hapa kwa sababu ya kambi za wakimbizi zilizo karibu, na sisi wenye majina ya Kirundi tunajua kutoa kitambulisho kabla hatujaombwa. Aliitazama bandeji, akaitazama damu iliyokaukia kifuani.

"Nani kakupiga?"

Mdomo ulifunguka, na neno lile likaja mbele. Nikalimeza.

"Nimegongwa na chuma shambani, afande. Tunamwahi mama, ni mgonjwa."

Alikisoma kitambulisho changu mbele na nyuma, taratibu, kama anayetafuta kosa la herufi. Kisha akakirudisha. "Haya, nendeni. Poleni."

Kibondo, alasiri. Tulipokata kona ya kwa mama, niliona watu. Walijaa uani mpaka barabarani. Wanawake walikuwa wamejifunga kanga kichwani, wameketi kwenye majamvi, na wanaume wamesimama kandokando na mikono nyuma. Moshi ulikuwa unapanda nyuma ya nyumba. Nestori alisema "Mawe we!", akimwita mama kwa Kirundi kwa sauti ya mtoto, akafungua mlango gari halijasimama. Nami nikajua mama ameshakufa, na aliyemuua ni mimi na dumu la njano.

Nikashuka. Mama Leokadia, jirani aliyetuona tukikua, ndiye aliyeniona wa kwanza. Alipiga kelele, akaanguka juu ya wenzake. Wengine wakasimama, wengine wakakimbia. Mzee mmoja akavua kofia.

"Mama yuko wapi?" nikauliza. Nikamwinamia aliyeanguka. "Mama Leokadia, mama yangu yuko wapi?"

"Jikoni," akasema, akinishika miguu kuona kama ni ya kweli. "Anapika. Tumeshindwa kumwambia, mwanangu. Kila tukitaka kuanza anasema tungoje chakula kiive. Anadhani tumekuja kumuaga, kwa sababu mnamhamisha."

Mama akatokea mlangoni pa jiko, mwiko mkononi. Alimtazama Nestori. Alinitazama mimi. Aliuweka mwiko chini taratibu, akaja, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaweka pua yake kwenye nywele zangu, akavuta pumzi.

"Umepigwa na nini?"

Nestori aliniminya mkono.

"Darubini, mama."

"Kile chombo chako cha kazini?"

"Kinafanana nacho."

"Vyombo vya siku hizi navyo," akasema. Kisha akawageukia watu: "Haya, kuleni sasa, kimeiva."

Nikala chakula cha msiba wangu mwenyewe. Maharage yalikuwa yamejaa maji, yanaelea kwenye sahani, na Bwana Hamisi aliyezoea ya nazi aliyanywa kama uji. Mama alinisugulia mgongo muda wote nilipokuwa nakula.

Kurudi. Siku chache baadaye, jeraha lilipotulia, tulipanda basi la asubuhi, mama akakaa dirishani na kikapu mapajani. Nimejifunza mambo ya kweli katika safari hii, nayaandika kwa faida ya yeyote atakayelazwa kwenye udongo akaambiwa apige moja tu: weka jicho mbali na kioo, na ukishindwa, usimwambie muuguzi kwa kifupi. Nilikuwa nikiyapanga hayo akilini, vilima vikibaki nyuma, mama aliposema bila kunitazama:

"Hakuna hata mmoja aliyeniuliza basi linaondoka saa ngapi."

"Nani, mama?"

"Wale waliokuja kuniaga." Alikishika kikapu vizuri. "Niliwaona wanaingia na kanga kichwani, nikajua. Sikujua ni nani kati yenu wawili. Nikasema, chungu kikiwa motoni hawataniambia. Nikawa naongeza maji. Kila yakikauka, naongeza."

Nilishika ukingo wa kiti cha mbele.

"Na nywele zako zilinuka baruti. Harufu ile naijua. Sasa niambie, mwana wanje. Nini kilikupiga?"

Niliogopa kuliko nilivyoogopa pale shambani. Nikamshika mkono, nikatafuta mapigo ya moyo wake kwa kidole kama wauguzi wanavyofanya kwa wagonjwa, na yalikuwa yanakwenda.

"Bunduki, mama."

Hakushtuka. Alinyanyua mkono wake mwingine akaupitisha juu ya unyusi wangu, kwenye nyuzi, kutoka ncha moja ya mwezi mpaka ncha nyingine, akarudia.

"Kumbe," akasema. "Kumbe mtu anapigwa na bunduki na anarudi nyumbani."